Jiwe, saruji na jina la marehemu

Jirani yangu hapa mtaa wa Mkomani, Lamu, aliibandua lipu ya chokaa kwenye ukuta wa mbele, akapiga saruji. Mwaka haujaisha na rangi imeshatoka mapele. Fundi mmoja mzee alipita, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Umeunyima pumzi, mwanangu," akasema, akaenda zake msikitini.

Tangu siku ile najiuliza nyumba ijengwe kwa jiwe au kwa saruji, na naifikiria milima ya Atlas. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, tetemeko la ukubwa wa 6.8 liliipiga Moroko, na zaidi ya watu 2,900 wakafa, wengi wao katika mkoa wa Al Haouz. Vijiji vilikuwa vya udongo na mawe. Barabara zilipozibwa na maporomoko, misaada ilipandishwa kwa nyumbu na punda. Mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa hilo. Mfuko wa saruji hushushwa gatini, na kutoka hapo ni punda na vichochoro.

Serikali ya Moroko iliahidi dirhamu 140,000 kwa nyumba iliyoanguka kabisa na 80,000 kwa iliyobomoka sehemu, zilipwe kwa awamu. Sasa ujenge kwa nini? Wanaodai saruji siwacheki. Aliyemfukua mwanawe chini ya dari ya udongo, utamwambiaje arudi kulala chini ya dari kama ile kwa sababu ni urithi na watalii wanaipenda? Ukuta mzito ambao pembe zake hazikufungwa, wenye dari nzito juu yake, huachana ardhi ikiyumba. Na nyumba zetu za matumbawe ni za ukoo huohuo: ukuta wa karibu nusu mita, boriti za mikoko zimechomekwa, juu yake mawe na chokaa. Pwani yetu imesalimika, lakini Kenya si ngeni kwa jambo hili. Tetemeko la Subukia la mwaka 1928 lilifika 6.9.

Ila saruji nayo isifanywe hirizi. Uturuki, Februari 2023, walikufa zaidi ya watu 50,000, na magorofa mengi yaliyolala chini yalikuwa ya zege. Nondo zikipunjwa, zege huua vilevile. Kwetu ongeza chumvi ya bahari inayozila nondo hizo. Ongeza pia mchanga: vilima vya mchanga vya Shela, hapa kisiwani, ndivyo vinavyotuhifadhia maji ya kunywa, na kila gunia linalochotwa pale kwa ujenzi linatoka kwenye birika letu wenyewe.

Nepal, baada ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, walishika njia ambayo mimi naipenda. Familia ilipewa rupia 300,000 kwa mafungu matatu: 50,000 ya kuanzia, kisha 150,000, kisha 100,000, na mhandisi alipaswa kukagua kabla ya fungu linalofuata kutoka. Mawe na udongo havikukatazwa. Kilichotakiwa ni ukuta ufungwe mikanda ya mbao au zege: chini ya madirisha, juu ya milango, na pale paa linapokaa. Fundi wetu yeyote anaweza kufundishwa hilo. Lakini tusiipambe: mamlaka ya kusimamia ujenzi iliundwa Desemba, miezi minane baadaye, watu wakiwa chini ya mabati, na fedha hazikutosha hata wengi wakaingia madeni. Kwa hiyo anayemtaka maskini ajenge kwa jiwe na chokaa amlipie tofauti ya bei. Asipolipa, asimlaumu akichagua matofali ya saruji.

Kuna jambo linalonitia hofu zaidi ya jiwe na saruji. Moroko kulizuka malalamiko ya watu walioachwa nje ya orodha ya malipo, wakiwemo waliokuwa wakifanya kazi mijini usiku ule. Hebu ilete hali hiyo Lamu. Mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo wa kutuchagulia rangi ya mlango hatutawakosa. Lakini chukua nyumba ya mirathi isiyogawanywa, hati bado kwa jina la babu aliyezikwa zamani, warithi kumi na mmoja, watatu wako Mombasa, wawili Oman, na anayeishi ndani ni shangazi mjane asiye na karatasi hata moja. Fungu la kwanza likifika, atatia sahihi nani?