Glovu haizuii sindano

Makala moja kuhusu usalama wa wauguzi inasema wanaochomwa kwa bahati mbaya na sindano zilizotumika waongezewe glovu. Glovu haizuii ncha! Mkaguzi wa hatari aingie wodini zamu ya usiku, aangalie boksi la kutupia sindano liko wapi. Likiwa mbali na kitanda, muuguzi atairudishia sindano kifuniko kwa mikono miwili ili aibebe, na hapo ndipo anapochomwa. Boksi likifika robo tatu lifungwe. Likijaa, mtu husukumia kwa kidole. Wafanya usafi nao wahesabiwe kati ya walio hatarini, maana sindano ikiishia kwenye mfuko wa taka huwachoma wao.

Aliyechomwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue, aanze dawa za kuzuia VVU mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72 tangu achomwe, na azimeze siku 28. Na chanjo ya homa ya ini B, ambayo nayo huambukizwa kwa sindano iliyotumika, je, nani amemaliza dozi 3?