JKT kabla ya chuo, kujitolea baada ya chuo: kijana anadaiwa nini hasa?

Mitihani ya kidato cha sita ikiisha mwezi Mei, majina ya walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, hayachelewi kutoka, na madukani unaanza msako wa vitu vilevile vya kila mwaka: bukta ya bluu iliyokoza, ya mpira kiunoni, isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi, nguo ya kuzuia baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Juu yake vyeti na nauli. Mtoto wa Temeke anajikuta amepangiwa Bulombora, Kigoma. Wa Kasulu anashukia Mgambo, Handeni. Siku mbili tatu baadaye wote ni makuruta. Wanaamshwa kungali giza kwenda mchakamchaka, wanapigishwa kwata, wanalima, wanakaa lindo usiku, na kila anayepita mbele yao ni afande.

Ukimuuliza kijana wa namna hiyo kwa nini anakwenda, atakwambia ameitwa kisheria. Ukimbana kidogo ataongeza ukakamavu na uzalendo, maana hayo ndiyo yanayosemwa kwenye hotuba za ufunguzi na za kufunga mafunzo. Ukikaa naye zaidi, au ukimuuliza mama yake, utapata jibu lenye uzito wake: cheti cha JKT kitamsaidia siku ya kutafuta kazi. Hapo ndipo mjadala wa utumishi wa vijana ulipo, na ndipo tunapoukwepa kila mwaka kwa kubishana kama miezi mitatu inatosha kumfanya mtu mzalendo.

Kwa asiyefuatilia: mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994 kwa sababu serikali haikumudu gharama, yakarejeshwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Pembeni yake wapo vijana wa kujitolea, wengi wao wa elimu ya chini ya hapo, wanaokaa kambini miaka miwili. Zanzibar wanayo JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi. Jeshi lenyewe lilianzishwa Julai 10, 1963, na majukumu yake yanatajwa hadi leo kuwa malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi. Ajira haimo katika orodha hiyo.

Zamani utumishi ulikuwa deni, na serikali ilisema hivyo bila kuficha. Mwaka 1966 wasomi walitakiwa kutumikia miaka miwili: sehemu ya kwanza kambini, miezi 18 iliyobaki wakiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22 mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga, na bango lao moja likadai heri hata wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, miongoni mwao Samuel Sitta aliyekuja kuwa Spika wa Bunge, kisha naye akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mtu anaweza kuuita uamuzi ule ubabe. Lakini hakuna aliyetoka pale bila kujua anadaiwa nini: wakulima wamekusomesha, nawe uwarudishie.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilibadili hesabu. Kuanzia hapo mtu hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipita JKT, akafanya kazi kwanza, akaja na mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama tawala, TANU. Kutoka kuwa deni la aliyekwisha kusoma, utumishi ukawa mlango wa anayetaka kusoma. Matokeo yake ni funzo ambalo halikumbukwi sana: idadi ya wasichana walioingia chuoni ilishuka, kwa kuwa miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na baada ya muda mfupi sharti hilo likalegezwa kwao. Kila unapoweka mlango, kuna watu utawazuia ambao hukuwa umewalenga.

Turudi kwenye JKT ya leo, na nianze na wanaoitetea, kwa sababu hoja zao si za kubeza. Ya kwanza ni ya muda. Kati ya Mei na kufunguliwa kwa vyuo mwezi Oktoba au Novemba, mhitimu wa kidato cha sita hana darasa wala kazi, na kwa wengi miezi ile huishia kwenye simu na vijiweni. Ya pili ni ya kuchanganyika, na hii kwangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mtoto aliyesoma shule ya ada ya mamilioni analala hanga moja, yaani bweni la kambini, na aliyesoma shule ya kata, wanapanga foleni moja ya chakula, wanaadhibiwa pamoja kwa kosa la mmoja. Nchi ambayo shule zake zinazidi kugawanyika kwa kipato cha mzazi haina sehemu nyingi za namna hiyo zilizobaki. Miaka mingi baadaye utawasikia watu wazima waliokutana ofisini wakiulizana, "Wewe operesheni gani?", wakitajiana jina la mkupuo wao, na urafiki ukaanzia hapo.

Hata suala la kazi za mikono nisingelipuuza. Wapo vijana wanaofika kambini hawajawahi kushika jembe, na wanaondoka wakijua kwamba bustani ya mboga inahitaji maji kila siku hata Jumapili. Si jambo la kumpatia mtu mtaji, lakini linampunguzia dharau kwa anayelima.

Wanaopinga nao wana yao. Miezi hiyo si mitupu kwa kila mtu. Kwa familia isiyo na kitu, kijana aliyemaliza shule ni nguvu kazi: anashinda shambani, anakwenda kibarua, anaendesha bodaboda ya mjomba ili apate fedha ya kuanzia maisha chuoni. Isitoshe, dirisha la maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo hufunguliwa katikati ya mwaka, sambamba na udahili wa vyuo. Fomu ya mkopo si kitu cha kujaza kwa dakika mbili. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi pia. Mdhamini apatikane, asaini. Kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji agonge muhuri. Kijana aliyeko kambini mkoa mwingine anayafanyaje hayo? Mwenye baba mfanyakazi wa benki hukamilishiwa na baba. Mwenye bibi kijijini ndiye anayehangaika, na ndiye mkopo uliwekwa kwa ajili yake. Kasoro hii inarekebishika kwa mipango tu, wala haihitaji kufuta JKT, lakini mpaka irekebishwe gharama ya uzalendo inalipwa zaidi na maskini.

Kero kubwa, kwa maoni yangu, ni cheti. Soma matangazo ya ajira ya majeshi yetu. JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, huandikisha waliopitia JKT au JKU, na hilo halina mjadala: jeshi linamtaka mtu linayemfahamu, aliyekwisha kufundishwa misingi. Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto nao mara nyingi wamekuwa wakiweka kigezo hicho, au kuwapa kipaumbele wenye mafunzo hayo. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi tangu 2013 makambi hayakutosha kuwachukua wahitimu wote. Waliitwa baadhi. Asiyeitwa hakukataa kulitumikia taifa. Jina lake halikuwemo tu. Miaka minne baadaye, akiwa na shahada mkononi, anakutana na sharti la mafunzo ambayo hakupewa nafasi ya kuyapata. Kama ni wajibu wa kisheria, uwe wa wote. Kama nafasi ni chache na zinagawiwa kwa baadhi, basi cheti kisiwe kigezo cha ajira za umma nje ya JWTZ. Mambo hayo mawili kwa pamoja sioni yanavyotetewa.

Kwa vijana wa kujitolea hali ni nzito zaidi, kwa kuwa wao hawaendi kupitisha muda kabla ya chuo. Wengi hutoa miaka miwili ya ujana wao kwa matumaini ya kuandikishwa. Wakubwa wa JKT hawachoki kutangaza kwamba mafunzo yale si ahadi ya ajira, na kwamba kijana anafundishwa stadi ili ajiajiri. Ni kweli wanasema. Ila ni kweli pia kwamba kwa miaka mingi waajiri wa vyombo vya ulinzi na usalama wamekwenda kuchukua vijana mlemle makambini, na kijana huamini anachokiona kuliko anachoambiwa. Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuondolewa makambini kwa vijana 854 waliogoma na kutaka kuandamana hadi Ikulu ya Chamwino kudai ajira. Walikuwa wakirejea ahadi ya Rais Magufuli kwa walioshiriki miradi ya ujenzi, ukiwemo ukuta wa kuzunguka machimbo ya tanzanite ya Mirerani. Kijeshi kile kilikuwa kitendo cha utovu mkubwa wa nidhamu, sitetei. Lakini ukiuondoa unajeshi wake, ni mgogoro wa kawaida kabisa wa kazi: mmoja anadhani alitoa huduma, mwingine anadhani aliahidiwa malipo.

Mgogoro wa aina hiyo sasa umehamia uraiani, kwa jina la kujitolea. Ingia shule nyingi za sekondari za vijijini utamkuta mwalimu wa kujitolea. Ana shahada ya ualimu, anafundisha fizikia au hisabati kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, yumo kwenye ratiba, ana zamu, anasahihisha madaftari mpaka usiku. Mshahara hana. Ana posho inayotoka kwenye michango ya wazazi, ikikusanywa. Wanafunzi hawajui kama ni wa kujitolea. Wao wanamwita mwalimu, sawa na wenzake. Mkuu wa shule anajua akiondoka wiki hii somo lake linakufa. Na mwalimu mwenyewe anavumilia kwa sababu anatumaini siku ajira zikitangazwa, miaka yake itahesabiwa.

Je, itahesabiwa? Mapema mwaka 2025, walimu walipoanza kufanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, nafasi 14,648 ziliombwa na watu zaidi ya 200,000. Wapo waliotaka waliojitolea wapewe kipaumbele, na hoja yao inaeleweka: mtu amefundisha miaka mitatu bila mshahara, unampambanishaje na aliyekuwa anauza duka? Lakini geuza shilingi. Nani anaweza kufundisha bila mshahara miaka mitatu? Ni yule mwenye kwao pa kula na kulala. Aliyelazimika kuuza duka ili asomeshe wadogo zake hakupenda duka kuliko chaki. Ukimpa alama aliyejitolea, umempa alama mwenye uwezo wa kusubiri. Ukimnyima, umeisaidia serikali kutumia walimu bure halafu kuwaambia ahsante. Ndiyo maana nasita ninaposikia kipaumbele kikitajwa kama dawa.

Ghana na Nigeria walijaribu njia nyingine, wote kuanzia mwaka 1973. Mhitimu anatumikia mwaka mmoja baada ya chuo, mara nyingi nje ya kwao, akiwa na posho ya serikali. NYSC, mpango wa Nigeria wa utumishi wa vijana, ilizaliwa kutokana na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Biafra, kwa lengo la kuwafanya Wayoruba, Wahausa na Waigbo wafahamiane. Isifanywe pepo. Nigeria imeshuhudia vijana wa NYSC wakiuawa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2011, na kumaliza mwaka wa utumishi hakujawahi kumhakikishia mtu kazi. Lakini kuna mawili wanayotuzidi. Mtumishi anakuja akiwa na fani yake, hivyo kijiji kinapata mwalimu au daktari kamili, hakipati kuruta. Na utumishi una siku ya kuanza na siku ya kwisha, posho yake inajulikana, hakuna anayejitolea mwaka wa tano.

Ningekuwa na uamuzi, ningeibakiza JKT ya miezi mitatu, ila kama malezi tu. Iwe ya wote au iwe ya hiari, na cheti chake kisitakiwe popote nje ya jeshi. Maombi ya mikopo yafanyikie kambini, maafisa wa Bodi na wa RITA wawafuate vijana huko. Utumishi wenye maana kwa taifa ningeuweka baada ya chuo, mwaka mmoja, kwa mkataba na posho ya serikali, kwenye shule na zahanati zenye upungufu, kisha mtu aachiwe aende zake bila alama wala deni.

Nitaulizwa fedha zitatoka wapi, na ni swali la haki kwa nchi iliyowahi kusimamisha JKT yenyewe kwa ukata. Lakini mwalimu yule wa fizikia hafundishi bila gharama hata sasa. Posho yake inatoka kwa mzazi aliyeambiwa tangu mwaka 2016 kwamba sekondari ya serikali ni bila ada. Shule ya mjini yenye wazazi wenye nafasi inakusanya ya kutosha kumbakiza mwalimu wake, na shule ya mbali ambayo wazazi wake hawana haipati hata huyo wa kujitolea.