Bwawa lililofungwa bado lina maji ndani

Kwamba bwawa la mabaki ya madini, yaani tope linalobaki mgodini baada ya kutolewa madini na kuzuiwa kwa ukuta, likishaacha kupokea tope hatari yake imekwisha, kama makala moja niliyosoma inavyodai, hapana, sikubali. Lile la Brumadinho, Brazil, lilikuwa halipokei kitu tangu 2016, na Januari 25, 2019 likabomoka likaua watu 270. Juu majani yalikuwa yameota, lakini ndani tope lilikuwa bado limeshiba maji, na tope la namna hiyo linaweza kulegea ghafla likatiririka kama uji. Nimefanya kazi ya kupima maji kwenye ukuta wa bwawa moja karibu na Lubumbashi, Kongo: unateremsha kamba ndani ya bomba lililozamishwa ukutani, unaandika maji yako kina gani, kisha unashuka chini ya ukuta kuangalia yanayovuja. Yakiwa maangavu, unaandika tu. Yakianza kutoka na tope, ukuta unaliwa kwa ndani, na hapo ni kupiga simu palepale. Mgodi ukifungwa, mara nyingi mpimaji ndiye anaondolewa mapema; halafu mvua za Novemba zinafika, mfereji wa kutolea maji umeziba, na watu wanachimba udongo wa matofali chini ya ukuta kwa kuwa hakuna mlinzi (siwalaumu, maisha ni magumu). Tathmini ya usalama wa bwawa isiyosema nani atapima, kwa miaka mingapi na kwa pesa ya nani, kwangu bado haijafanywa. Ninyi wa Likasi na Kolwezi, kwenye mabwawa ya zamani huko kwenu, kuna mtu bado anapita kupima?