West Point na mpira wake: ubingwa una uzito gani kwa luteni mtarajiwa?

Tarehe 6 Desemba 2024, timu ya futiboli ya Kimarekani ya West Point, chuo cha maofisa wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, iliichapa timu ya Chuo Kikuu cha Tulane 35–14 nyumbani kwake, Uwanja wa Michie, ikatwaa ubingwa wa ligi, yaani American Athletic Conference, moja ya ligi nyingi za vyuo, kwa mara ya kwanza tangu ianze kucheza mwaka 1890. Siku nane baadaye ikafungwa 31–13 na Navy, timu ya chuo cha wanamaji cha Annapolis. Kwa desturi ya mechi hii, filimbi ya mwisho ikilia wachezaji wa pande zote huenda pamoja mbele ya wanafunzi wa chuo kilichofungwa, wakasimama wima wimbo wa chuo ukiimbwa, kisha huvuka uwanja kwenda kuusimamia wimbo wa washindi. Aliyefungwa huimba kwanza. Ndiyo maana huko hawasemi "tunataka kushinda", husema wanataka kuimba wa pili. Mwaka ule mabingwa wa ligi waliimba kwanza.

Msomaji asiifananishe timu hii na Ulinzi Stars ya Kenya au APR ya Rwanda. Hawa ni wanafunzi. Hawalipi ada, wanapewa posho, na wakihitimu wanakuwa maluteni usu wenye deni la miaka 5 ya utumishi kamili. Swali ambalo Wamarekani wanalibishania kwa miongo mingi ni kama chuo cha aina hiyo kina haja ya kucheza daraja la juu la mpira wa vyuo, hasa sasa ambapo wachezaji wa vyuo vingine wanalipwa fedha nono na kuhama karibu kila msimu.

Wanaotetea huanza na mababu. Kadeti Dennis Michie ndiye aliyeandaa mechi ya kwanza dhidi ya Navy mwaka 1890, wakafungwa 24–0. Miaka minane baadaye aliuawa vitani Santiago, Cuba, na uwanja unaitwa kwa jina lake. Eisenhower alicheza mwaka 1912 mpaka goti likamtupa nje. Douglas MacArthur, alipokuwa mkuu wa chuo kati ya 1919 na 1922, alilazimisha kila kadeti acheze mchezo fulani, akiamini kiwanja kinafundisha yale ambayo darasa haliwezi. Bill Carpenter, nyota wa 1958, aliiongoza kombania yake ya askari Vietnam. Don Holleder, nyota wa 1955, alifia hukohuko mwaka 1967. Orodha hii inagusa moyo, lakini kama ushahidi ina tundu: inawataja waliocheza wakawa mashujaa, na kuwaacha maelfu ya maofisa hodari ambao hawakuwahi kuugusa ule mpira.

Hata enzi ya dhahabu ina doa. Chini ya kocha Earl Blaik timu ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1944, 1945 na 1946, ikiwa na Doc Blanchard na Glenn Davis, wote washindi wa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Timu ile ilikuwa kali kweli. Ila pia vita vilikuwa vimevikausha vyuo vingine vijana, wakati West Point ilikuwa inawapokea.

Kisha ukaja mwaka 1951, na hapa ndipo wapinzani wana hoja nzito kuliko zote. Makadeti walikuwa wamegawanywa katika vikosi viwili, na majaribio ya darasani yalifanywa kwa zamu: kikosi kimoja leo, cha pili kesho, maswali yaleyale. Chuo kilitegemea kanuni ya heshima peke yake, ahadi ya kadeti kutodanganya wala kumvumilia anayedanganya, kulilinda pengo hilo la usiku mmoja. Wachezaji, waliokuwa wakirudi mazoezini wamechoka na huku wanatakiwa kufaulu kama wengine, wakaanza kupeana maswali. Mtandao ulipofichuliwa, makadeti 90 waliondolewa, 37 kati yao wakiwa wa timu ya mpira, akiwemo mtoto wa kocha mwenyewe. Wengine kosa lao lilikuwa kujua na kunyamaza. Msimu uliofuata timu ilishinda mechi 2 tu kati ya 9.

Uvivu wa vijana haulielezi jambo hili vya kutosha. Timu ilikuwa imegeuka chuo ndani ya chuo, na uaminifu kwa mwenzako wa kikosini ukawa mkubwa kuliko uaminifu kwa kanuni. Udugu huohuo ndio watetezi wanaousifia. Ulifanya kazi yake barabara, ila upande usiotakiwa.

Upande wa pili wa mizani hauko kwenye makumbusho, uko uwanjani. Kadeti akihitimu lazima atimize vipimo vya uzito vya jeshi, kwa hiyo safu ya mbele ya timu haiwezi kujaa majitu ya kilo 140 kama vyuo vikubwa. Dawa yake imekuwa mfumo wa chaguo tatu. Kwotabeki, mchezaji anayeongoza shambulizi, anapokea mpira na kuuingiza tumboni mwa fulubeki, mkimbiaji wa nyuma yake anayechoma katikati, bila kuuachia, huku akimtazama mlinzi mmoja ambaye ameachwa makusudi bila kuzuiwa. Mlinzi akimrukia fulubeki, kwotabeki anauchomoa mpira. Akibaki nje, anauacha. Akiuchomoa anakimbia pembeni na kumkuta mlinzi wa pili aliyeachwa vilevile: akija kwake, anamrushia mwenzake aliye nje, akimfuata yule wa nje, anakata ndani mwenyewe. Walinzi wawili wametolewa mchezoni bila kuguswa, na wazuiaji wepesi wanabaki huru kuwavaa wengine.

Mambo huharibika kwenye ile nusu sekunde ya tumboni. Kwotabeki akichelewa kuamua, mikono minne inauvuta mpira mmoja, na unaanguka. Adui mwingine ni umbali: timu ina majaribio manne ya kupata yadi 10, na mfumo unakula yadi tatu, nne, tena tatu, hivyo faulo moja ya yadi 10 inaweza kuua shambulizi zima. Lakini ukitembea, unakula saa. Septemba 2018, ugenini Oklahoma, West Point ilishika mpira zaidi ya dakika 44 kati ya 60, ikakubali kufungwa 28–21 katika muda wa nyongeza tu.

Mwaka 2022 sheria za mchezo zilibana kuzuia chini ya kiuno, silaha kubwa ya wazuiaji wadogo. Msimu wa 2023 kocha Jeff Monken akabadili mfumo, akamweka kwotabeki nyuma zaidi, mambo yakayumba. 2024 akarudi karibu na ya zamani, na ubingwa ukaja. Hili halikuwa somo jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chuo kilikuwa kwenye ligi nyingine, kikaacha mpira wa kukimbia kikaiga mpira wa kurusha, na mwaka 2003 kikapoteza mechi zote 13.

Hapo naona hoja ya wapinzani inalegea kidogo. Kadeti haruhusiwi kupokea fedha za matangazo kama wenzake wa vyuo vingine, na hilo linafukuza vipaji vingi. Lakini wanaobaki wanakaa pamoja miaka minne, na mfumo unaodai macho ya watu wawili yasome jambo moja kwa wakati mmoja hauwezi kujengwa na wapangaji wa msimu mmoja. Sharti linaloonekana mzigo ndilo mtaji wao.

Kwa hiyo hofu yangu haiko kwenye ligi, iko kwenye misamaha. Roger Staubach wa Navy, mshindi wa Heisman 1963, alitumikia kwanza, Vietnam ikiwemo, ndipo akaanza kuchezea timu ya kulipwa ya Dallas Cowboys mwaka 1969. Tangu 2019 wahitimu waliruhusiwa kuahirisha utumishi ili waende ligi ya kulipwa. Mwishoni mwa 2022 Bunge la Marekani likarudisha sharti la kutumikia kwanza, kisha likawafungulia mlango waliokuwa wameshaandikishwa, kwa sababu mchezaji mmoja wa West Point alikuwa anatazamiwa kuchaguliwa na timu ya ligi hiyo. Haki kwake, pengine ndiyo, maana aliingia chini ya sheria nyingine. Ila wenzake wa darasa wasio na kipaji hicho hawakuulizwa wangependa kuahirisha nini.

Na ratiba? Mechi na Navy huchezwa Jumamosi ya pili ya Desemba, timu za mchujo wa taifa zikiwa zimeshateuliwa, na hata sasa vyuo hivi vikiwa ligi moja haiingii kwenye msimamo. Wapo wanaotaka isogezwe ili ihesabiwe. Kwangu mimi, ibaki hapohapo. Desemba ile ya 2024 haikubadili msimamo wowote, na bado kadeti ambaye angeomba kubadilishana kombe walilotwaa kwa kuifunga Tulane na nafasi ya kuimba wa pili asingeonekana mwendawazimu.