Ufufuo Usiishie Makaburini

Sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho husomwa karibu katika kila msiba wa Kikristo ninaohudhuria hapa Mbeya. Mchungaji akifika pale kwenye "Ku wapi, Ewe mauti, kushinda kwako?" waombolezaji huitikia Amina, kwaya hupokea, jeneza hushushwa. Biblia hufungwa hapo. Natamani siku moja msomaji aendelee kidogo. Mstari wa 58 unaanza na "Basi", nao unawataka Wakorintho waimarike, wasitikisike, wazidi kutenda kazi ya Bwana kwa kuwa taabu yao si bure. Papo hapo, mahali tunapopaita leo sura ya 16, Paulo anaingia kwenye changizo la kuwasaidia watakatifu wa Yerusalemu: kila siku ya kwanza ya juma mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Paulo hakuigawa barua yake kwa sura. Mgawanyo tunaoutumia ulikuja katika karne ya 13. Waliosomewa kule Korintho walisikia habari ya parapanda ya mwisho, kisha papo hapo wakasikia habari ya fedha za maskini.

Mimi nashikilia kwamba imani ya ufufuo haijamwingia mtu mpaka imefika mfukoni mwake, mikononi mwake na kwenye namna anavyoitendea miili ya watu. Tumeizoea mno kama maneno ya kuwafariji wafiwa.

Chanzo kimojawapo ni kwamba tumeufanya ufufuo uwe safari ya roho. Tunasema marehemu "ametutoka, yuko mbinguni, huo mwili ni udongo tu", tunaona tumemaliza. Injili hazisemi hivyo. Katika Luka, Yesu aliyefufuka anauliza kama kuna chakula, anapewa kipande cha samaki wa kuokwa, anakila mbele ya macho yao. Katika Yohana amewasha moto wa makaa ufuoni, samaki wako juu yake na mkate upo, anawaambia wavuvi waliokesha bure, "Njoni mfungue kinywa." Tomaso anaonyeshwa makovu. Mwili uliotundikwa msalabani ndio uliofufuka, na alama zake bado zipo. Basi mwili wa mtu, hata uliochakaa, hata uliopooza, una kesho mbele za Mungu.

Mama yangu mkubwa alimuuguza mumewe aliyepooza upande mmoja hata kusema hawezi. Kila asubuhi alimgeuza, akamwosha mgongo kwa maji ya vuguvugu, akamkausha taratibu kwa khanga kuukuu iliyolainika, akampaka mafuta ya mgando visiginoni na kiunoni ili vidonda visichimbike. Kisha alimvalisha shati lililopigwa pasi, na kola akaiweka sawa, ingawa mzee hakuwa na mahali pa kwenda. Jirani mmoja alimwambia, "Dada, unajichosha, huyu ameshaondoka." Akamjibu bila kuinua macho: "Mwili huu Bwana ataudai. Nataka niukabidhi ukiwa safi." Nimesikiliza mahubiri mengi ya Pasaka, lakini hakuna lililonifundisha ufufuo kama kola ile.

Wala hakuwa wa kwanza. Katika karne ya tatu Askofu Dionisio wa Aleksandria aliandika jinsi Wakristo wa mji wake walivyowauguza wenzao wakati wa tauni, wakawafumba macho waliokufa, wakawaosha na kuwazika kwa mikono yao, na wengi wakaambukizwa wakafa nao. Watu wengine mjini walikuwa wakiwakimbia hata wapendwa wao. Mtu hushika maiti ya namna hiyo kwa sababu anaamini kuna atakayeuita mwili ule.

Sisi Wamoravian tuna desturi ninayoipenda kupita zote. Mwaka 1732, kule Herrnhut nchini Ujerumani, vijana walitoka kabla ya jua kuchomoza siku ya Pasaka, wakaenda kuimba makaburini. Wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lenye desturi hiyo. Jumamosi watu wanapalilia makaburi kwa jembe na fyekeo. Jumapili alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi na baridi ya Tukuyu ikiuma masikio, matarumbeta yanalia, kiongozi anatamka "Bwana amefufuka!" nasi tunajibu "Kweli amefufuka!" tukiwa tumesimama katikati ya wazazi wetu. Katika liturujia ya asubuhi hiyo tunaomba ushirika wa milele na wenzetu walioondoka tangu Pasaka iliyopita. Mwenye kilio kibichi analia, wala hakuna wa kumkataza. Yesu mwenyewe alilia machozi akielekea kaburini kwa Lazaro dakika chache kabla ya kumwita atoke, kwa hiyo wanaowaambia wafiwa "usilie, wewe umeokoka" wanamtaka mtu awe na imani kuliko Bwana wake.

Makaburi ya Wamoravian wa kale yalikuwa na mawe bapa yanayolingana, aliyekuwa na kitu na asiye na kitu wakilala safu moja. Waliamini wote wataamka kwa sauti ile ile, hivyo hawakuona haja ya kuwatenganisha. Leo nikipita makaburini naona mashindano: vigae, uzio wa chuma, paa la bati la rangi. Siwalaumu wanaojengea wazazi wao kwa upendo. Ninachokilalamikia ni kaburi la vigae vinavyong'aa huku mjane wa aliyezikwa humo anadaiwa kodi ya miezi, na watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada.

Kinachoniuma zaidi huja baadaye. Msiba ukishamalizika, watu wale wale walioimba "tutaonana" wanakaa na mjane sebuleni, wanataka kadi ya gari, hati ya kiwanja, hata namba ya siri ya simu ya marehemu. Tujiulize: mtu anayeamini kwamba ndugu yake atafufuka, na kwamba atakutana naye uso kwa uso, anathubutuje kumfukuza mkewe nyumbani? Kunyang'anya namna hiyo ni kukiri kwa vitendo kwamba marehemu amekwisha kabisa na hatauliza neno. Paulo aliwajua watu wa aina hiyo: wasipofufuliwa wafu, na tule, na tunywe.

Anayeamini ufufuo hatishiki kwa urahisi. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, aliuawa tarehe 16 Februari 1977, siku chache baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu. Serikali haikuutoa mwili wake kwa maziko Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kianglikana mjini Kampala. Jumapili iliyofuata maelfu walikusanyika hata hivyo, na kaburi lililochimbwa likiwa tupu. Erica Sabiti, askofu mkuu mstaafu, akawakumbusha maneno ya malaika: "Hayupo hapa, kwani amefufuka." Dhalimu aliyezuia maiti ili watu wanyamaze aliwaachia mahubiri makubwa kuliko yote.

Sisi wengi hatutaulizwa maswali na askari wa Amin. Tutakaa kwenye kamati za msiba. Ningependa mabaraza ya wazee wa kanisa yaanzie hapo: bajeti inapoandikwa, ada ya watoto wa marehemu iwe juu kabisa, kabla ya turubai, kabla ya video, kabla ya vigae. Mzee mmoja wa kanisa akabidhiwe kazi ya kumsindikiza mjane mahakamani kufungua mirathi, asiende na mashemeji peke yake. Na changizo la kazi hiyo likusanywe palepale makaburini, Pasaka alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda kunywa chai.