Mwanangu si mtukutu, nyumba ndiyo finyu

Jumanne ni siku ya maji kwenye ploti yetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Yakifunguliwa alfajiri tunajaza kila chombo: mitungi, ndoo, hata ile sufuria kubwa ya sherehe. Jumanne iliyopita niligeuka kukoroga uji. Nilipotazama tena, mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minane alikuwa ameinamia ndoo ya lita 20, vidole vya miguu vikiachana na sakafu, akitafuta kijiko alichokitumbukiza mwenyewe. Nilimdaka kwa kaptura. Hakulia.

Jirani yangu, mama ninayemheshimu sana, alisikia nikipiga kelele akaja mlangoni. "Dadangu, huyo mchape. Ukimlegezea atakushinda."

Sikumchapa, na sitamchapa. Mtoto wa umri huo kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili. Akiinamia ndoo, kichwa humvuta ndani na mikono haina nguvu ya kumtoa. Maji ya kimo cha kiganja yanatosha kumzamisha, tena kimya kimya, mama akiwa hatua tatu kutoka hapo. Fimbo ingemfundisha kuniogopa mimi, si ndoo. Nilishuka dukani nikanunua vifuniko.

Linaloniuma zaidi ni mafuta taa. Bado wengi wetu tunayaweka kwenye chupa ya soda, chini ya meza, halafu mtoto akiyanywa tunamwita mtundu. Atajuaje? Chupa kama hiyo ndiyo tunayomnywesha maji kila siku. Na akiyameza, tafadhali, usimtapishe. Mafuta yakipanda tena kooni ni rahisi kuingia mapafuni, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mkimbize hospitali, na hiyo chupa uibebe wakaione.

Desemba tulimpeleka kwa shosho yake, Nyeri. Alikimbiza kuku tangu asubuhi, akaonja udongo, akapanda rundo la nyasi za ng'ombe akaanguka, akapanda tena. Kufikia saa saba mchana alikuwa amelala bila kubembelezwa. Shosho hakutamka neno utukutu hata mara moja. Ni mtoto yule yule. Huku ana chumba kimoja na sebule kwenye ghorofa ya nne, korido ambayo msimamizi wa ploti ameandika ukutani watoto wasicheze, na nje ya geti ni bodaboda tupu. Nishati ile yote aipeleke wapi, kama si kwenye droo za visu na swichi za ukutani?

Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya Nairobi, alitukanwa hadi bungeni. Mimi humkumbuka Jumapili, ninaposhuka matatu na mtoto mgongoni kwenda kumwachilia kwenye nyasi zile zile. Lakini nauli kwenda na kurudi si kitu cha kila siku, na wenye ploti mtaani kwetu wamejenga hadi ukingoni mwa barabara. Nataka kipande cha nyasi ambacho mama anaweza kukifikia kwa miguu, amevaa leso na ndara.

Jumapili iliyopita alipanda mteremko mmoja mdogo mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara ya kumi na mbili akanishika kidole, akataka tupande wote.