Kaiti ya Mtumba na Mwanagenzi wa Mombasa

Kaskazi ikishashika, Desemba hadi Machi, anga ya Nyali hadi Shanzu hujaa tiara kubwa za rangi. Ndiyo kaiti: mtu yuko juu ya ubao, mkanda kiunoni, na tiara iliyo mwisho wa kamba za mita 20 na ushei inamburura juu ya maji. Vijana wetu wameupenda mchezo huu, na wengi wanajifunza kwa vifaa vya mtumba, vilivyoachwa na wageni au vilivyochoka na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wapo wanaotaka jambo hili likomeshwe.

Wanaoutetea mtumba wana hoja nzito. Seti mpya haishikiki kwa anayeishi kwa vibarua vya ufuoni. Ukimnyima tiara kuukuu, utamwacha mchangani akiwashikia wageni tiara zao, miaka nenda miaka rudi, kwenye bahari aliyozaliwa nayo. Tena umri wa kitambaa peke yake hauamui kitu. Tiara iliyosuuzwa kwa maji baridi, ikakunjwa kavu na kuwekwa kivulini, itaizidi umri ya juzijuzi iliyoachwa ikipigwapigwa na upepo juani mchana kutwa. Sisi tunaonunua mtumba soko la Kongowea tunalijua hilo.

Lakini ukuukuu ni wa namna mbili, na hapo ndipo mabishano yanapopotea njia. Kuna kuchakaa, ambako jicho linaona: mshono uliofumuka, kamba iliyoota manyoya. Halafu kuna muundo wa kale, ambao hauonekani hata tiara iwe inang'aa. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha hataza ya tiara ya kujazwa hewa mwaka 1984, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaanza kuuzwa. Tiara za enzi hizo hazikupungua nguvu sana hata ukisukuma usukani, ile fimbo ya kuiongozea tiara, mbali nawe. Mwaka 2005 zikaingia sokoni za umbo la upinde, ambazo ukiachia usukani mvuto karibu wote unakwisha. Nahodha wa ngalawa hahitaji maelezo zaidi: dhoruba ikija hulegeza demani, kamba ya kukazia tanga, tanga likapumua. Tiara ya muundo wa kale ni tanga ambalo demani yake imefungwa kiunoni mwako.

Na upepo haubembelezi. Ukipanda kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 35, mvuto unakaribia kuwa maradufu. Wakati wa bamvua maji hapa kwetu hujaa hadi kwenye kuta za hoteli, na kusi inasukuma kuelekea nchi kavu. Anayeburutwa anakutana na ukuta, na minazi, na watoto wanaooga Jumapili pale ufuo wa umma wa Pirates. Maji yakipwa, anakutana na matumbawe.

Wakongwe husema tiara za zamani ndizo zilizowafunza adabu ya upepo. Nawaamini, ila wanaosema hivyo ni wale waliopona.

Kinachoniuma ni mgawanyo wenyewe. Fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi anarushia tiara mpya, na mwanagenzi anapewa gofu kwa sababu atalirarua. Kweli atalirarua. Basi kitambaa kiwe na viraka, mradi si cha muundo wa kale, lakini usukani, kamba na kifyatuo cha dharura viwe vipya kuliko vyote ufuoni. Kifyatuo ndicho kinachomtenga mtu na tiara mambo yakiharibika, na kiwango cha kimataifa cha kukipima, ISO 21853, kilitolewa mwaka 2020 tu. Tahadhari moja: usukani wa kampuni moja haukubaliani na tiara ya kila kampuni. Jaribuni kwanza mchangani, upepo ukiwa mdogo, muone kama ukifyatua tiara inalala chali bila kuvuta.

Kupima kifyatuo hakugharimu kitu. Niliona Bamburi, chini ya mvinje: kijana alifunga kamba kwenye tawi, akapachika pete ya usukani wa mtumba, akajifunga mkanda na kuning'inia uzito wake wote. Akasukuma kifyatuo kwa mkono mmoja. Kimya. Akasukuma kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka, kikagoma. Walipokifungua, chumvi na mchanga vilikuwa vimeshikana ndani kama saruji. Wakakisugua kwa mswaki na ndoo ya maji baridi, akaning'inia tena, na safari hii kikaachia mara moja, akaangukia makalio. Akainuka, akakunguta mchanga, akarudia mara tatu zaidi. Upepo ulikuwa mzuri na wenzake walishaingia majini, lakini siku hiyo yeye hakuingia. Alienda kutafuta kifyatuo kingine.